BULK INSERT kwa SQL dainamiki: mafaili ya Kibaigwa yanaingia, ya Ng'humbi na Ng'hong'onha yanagoma

MizaniDom ameuliza:

Mbukwenyi wakuu, naombeni msaada hapa maana msimu wa alizeti umeshachanganya na malipo ya wakulima yanasubiri hii kitu.

Iko hivi, tuna vituo vya kukusanyia alizeti, kila kituo kina karani na laptopu yake, jioni anatuma faili moja la CSV lenye stakabadhi za siku hiyo: namba ya stakabadhi, jina la mkulima, simu, kilo, bei, tarehe. Faili linaitwa jina la kituo na tarehe, mfano Kibaigwa_2024-06-11.csv. Seva iko ofisini hapa Dodoma mjini, SQL Server 2019 Express. Mwanzo niliandika BULK INSERT dbo.mizani_ghafi FROM @njia (hiyo ni amri ya kumimina faili zima kwenye tebo) ikakataa palepale kwenye @njia, kupitia maelezo nikaona kumbe jina la faili haliwezi kuwa veriabo, unatakiwa ujenge stringi nzima (sentensi ya SQL kama maandishi) ndo uiendeshe, ndo wanaita SQL dainamiki. Nikaandika hivi:

```
SET @sql = 'BULK INSERT dbo.mizani_ghafi FROM ''D:\Mapokezi\' + @faili + '''
  WITH (FORMAT = ''CSV'', FIRSTROW = 2)'
EXEC (@sql)
```

Kibaigwa inaingia vizuri, Mpwapwa inaingia, Mlali inaingia. Ila Ng'humbi inanipa ero mbili, moja Incorrect syntax near 'humbi_2024' na nyingine Unclosed quotation mark. Cha ajabu Ng'hong'onha inanipa hiyo ya kwanza tu, Incorrect syntax near 'hong', hiyo ya pili haipo. Mafaili yenyewe nimeyafungua yako sawa kabisa, kolamu ni zilezile na mpangilio ni uleule. Tatizo ni nini na nifanyeje ili kituo chochote kiingie bila mimi kukaa nashika shika?

Makole_DBA:

Mkuu tatizo ni ritifaa iliyo kwenye jina la kituo. Kwenye SQL ile alama ' ndo inafungua na kufunga stringi, kwa hiyo ukiunganisha jina kama lilivyo seva inasoma 'D:\Mapokezi\Ng' inaona stringi imeishia hapo, halafu inakutana na neno humbi halijui ni la nini. Ng'humbi ina ritifaa moja, kwa hiyo jumla ya alama kwenye sentensi nzima inakuwa witiri, inabaki moja haina mwenzake ndo unapata hiyo ya Unclosed. Ng'hong'onha ina mbili, zinafungana zenyewe kwa zenyewe, hesabu inatimia, ndo maana unabaki na ero ya sintaksia peke yake.

Dawa ni kuidabo kila ritifaa kabla hujaunganisha:

```
DECLARE @njia nvarchar(400) = N'D:\Mapokezi\' + @faili;
DECLARE @sql nvarchar(max) =
  N'BULK INSERT dbo.mizani_ghafi FROM N'''
  + REPLACE(@njia, N'''', N'''''')
  + N''' WITH (FORMAT = ''CSV'', FIRSTROW = 2,
       CODEPAGE = ''65001'', ROWTERMINATOR = ''0x0a'', TABLOCK);';
PRINT @sql;
EXEC sys.sp_executesql @sql;
```

Hiyo PRINT usiitoe mpaka mambo yatulie. Mtu akikuletea tatizo la SQL dainamiki kitu cha kwanza ni kuiona sentensi yenyewe iliyojengwa, siyo ile iliyoijenga. Ukiichukua ukaibandika kwenye dirisha jipya kosa unaliona kwa macho. Ila ujue PRINT inakata ikifika herufi 4000, yako ni fupi haina shida.

BintiKondoa:

Naongezea kwa Makole_DBA, kaka MizaniDom angalia sana @faili isije ikawa NULL, yaani haina thamani yoyote. Kwenye SQL Server stringi yoyote ukiijumlisha na NULL yote inakuwa NULL, na sp_executesql ukiipa NULL haisemi chochote, inamaliza kimya kimya kama vile kazi imefanyika. Kwa hiyo unaweza kukaa unaamini faili la Mlali limeingia kumbe hakuna hata mstari mmoja. Weka IF @sql IS NULL itupe ero, THROW tu, mistari miwili.

mwana_nzuguni:

Rahisi zaidi waambie makarani waandike Nghumbi bila alama mambo yaishe, kwa nini kujisumbua?

Makole_DBA:

Hapana ndugu yangu, hapo nakataa na naomba nielezwe kama nakosea. Kwanza Ng'humbi ndo jina la mahali, na uandishi wa Kigogo umejaa hizo ritifaa, leo ni Ng'humbi na Ng'hong'onha kesho wanafungua Ng'hambi kule Mpwapwa, utaenda kumwambia kila karani asahau jina la kwao kwa sababu skripti yako haijafunga stringi vizuri? Karani hajakosea kitu, aliyeandika kwerii ndo mwenye jukumu.

Pili, na hili ndo zito. Kama jina la faili lenye ritifaa linaweza kuvunja sentensi yako, basi jina la faili linaweza pia kuandika sentensi yake. Windows inakataza alama chache tu kwenye jina la faili, kama \ / : * ? " < > na |. Ritifaa, nukta mkato, mabano, vistari viwili, vyote vinaruhusiwa. Maana yake mtu anaweza kuita faili lake kitu chenye ritifaa, nukta mkato, DELETE ya tebo yako na vistari viwili mwisho, na ule mstari wako wa EXEC (@sql) utaitii kama alivyoandika. Huo ndo mlango wa injeksheni (kupenyeza amri za SQL ndani ya data) watu wanaousoma kwenye fomu za tovuti wakadhani kwenye mafaili haupo. Hizo ni hela za wakulima, gunia la alizeti mtu amelilima toka mvua za Desemba, halafu rekodi ipotee kwa jina la faili? REPLACE moja inafunga mlango.

Na hizo N mbele ya stringi ziweke zote, tumia nvarchar (maandishi ya Unicode) mwanzo mpaka mwisho. Ukichanganya na varchar seva inageuza herufi katikati ya safari, na kuna alama za Unicode zinazofanana na ritifaa ambazo REPLACE yako haizioni halafu zikigeuzwa zinakuwa ritifaa kamili.

mwana_nzuguni:

Nimekuelewa mkuu, hilo la Windows kuruhusu nukta mkato sikuwa nalifahamu. Naondoa ushauri wangu.

MizaniDom:

Asanteni sana wakuu, Ng'humbi na Ng'hong'onha zote zimeingia!! Makole_DBA ubarikiwe.

Sasa yamezuka mawili mengine. Moja, nikiendesha nikiwa kwenye laptopu yangu na faili nimeliweka D:\Mapokezi ya laptopu inasema haiwezi kulifungua, Operating system error code 2, wakati faili nalitazama liko pale. Nikajaribu kulishea kwenye mtandao wa ofisi nikaweka njia ya \\ ikabadilika ikawa code 5. Mbili, mafaili ya vituo viwili tarehe zote zinakuwa NULL nikihamishia kwenye tebo kuu, hata nikifungua naziona tarehe ziko sawa, 11/06/2024.

seva_ya_Area_D:

La kwanza nalijibu mimi. BULK INSERT haisomi kwenye mashine yako, inasoma kwenye mashine ambayo SQL Server yenyewe imekaa. Wewe ukiandika D:\ ni D ya seva. Code 2 maana yake folda lipo faili halipo (kule kwenye seva), code 3 njia yenyewe haipo, code 5 imeliona ila haina ruhusa.

Kuhusu hiyo 5, inategemea umeingiaje. Ukiingia kwa login ya SQL yenyewe, anayeenda kufungua faili ni akaunti inayoendesha huduma ya SQL Server, kwa Express kawaida ni NT SERVICE\MSSQL$SQLEXPRESS, na hiyo ikitoka kwenye mtandao inajitambulisha kwa jina la kompyuta, siyo jina lako. Kwa hiyo hata kama wewe una ruhusa zote kwenye hiyo folda yeye hana. Ukiingia kwa Windows basi inatumia jina lako, lakini hapo ukiwa kwenye laptopu, seva mashine ya pili, na faili mashine ya tatu, utambulisho wako mara nyingi haufiki hiyo ya tatu, na unapata 5 ileile watu wanazunguka siku nzima.

Ushauri wangu usihangaike na \\, tengeneza folda moja kwenye seva, ipe ile akaunti ya huduma ruhusa ya kusoma, makarani wawe wanatuma hapo. Na atakayeendesha kazi apewe ADMINISTER BULK OPERATIONS, moja kwa moja yeye mwenyewe. Kuna watu wanafikiri wakiifungia ndani ya proseja (SQL iliyohifadhiwa kwenye seva, unaiita kwa jina) halafu wakampa mtu EXECUTE inatosha, kwa SQL ya kawaida ni kweli, ila kwa SQL dainamiki ule mnyororo wa umiliki unakatika, seva inaangalia ruhusa za yule aliyeita proseja. Kwa hiyo chagua login moja tu ya kazi hii, usigawe kwa ofisi nzima.

BintiKondoa:

La tarehe naona kama nalijua. Kaka hao makarani wa vituo viwili wanatumia kompyuta tofauti na wenzao? Mafaili ya Windows kila mstari unaishia na alama mbili, CR na LF, ya Linux na aplikesheni nyingi za simu yanaishia na LF peke yake. Hiyo ROWTERMINATOR 0x0a aliyokupa Makole_DBA ni LF, ni nzuri kwa sababu inapokea yote, lakini kwa faili la Windows inaweza kuacha CR imening'inia mwisho wa kolamu ya mwisho. Na kolamu yako ya mwisho ni tarehe! Ukiitazama huioni, ila ukiigeuza kuwa date inakataa. Jaribu SELECT LEN(tarehe), kama ni 11 badala ya 10 umempata.

Kikubwa zaidi ninachotaka kusema ni namna ya kupanga hii kazi. Hiyo mizani_ghafi iache kolamu zote ziwe nvarchar, kila kitu maandishi, hata kilo. Usijaribu kugeuza wakati wa kuingiza, maana BULK INSERT usipoiambia kitu MAXERRORS yake ni 10, yaani mistari mibovu mpaka kumi inarukwa na nyingine zinaingia, halafu mkulima mmoja anakuja dirishani stakabadhi anayo mkononi kwenye mfumo hayupo. Ingiza yote kama yalivyo, halafu ndo uhamishe:

```
INSERT dbo.mizani (stakabadhi, mkulima, simu, kilo, bei, tarehe, faili)
SELECT stakabadhi, mkulima, simu,
  TRY_CONVERT(decimal(12,2), REPLACE(kilo, N',', N'')),
  TRY_CONVERT(decimal(12,2), REPLACE(bei, N',', N'')),
  TRY_CONVERT(date, NULLIF(LTRIM(RTRIM(
     REPLACE(tarehe, NCHAR(13), N''))), N''), 103),
  @faili
FROM dbo.mizani_ghafi;
```

Ona kwamba hapa hakuna SQL dainamiki hata kidogo, @faili inaingia kama veriabo ya kawaida, jina liwe na ritifaa kumi haina neno. Dainamiki ibaki ule mstari mmoja wa BULK INSERT kwa sababu hauna njia nyingine, kwingine kote andika SQL ya kawaida. Nimeona watu wakishaonja dainamiki wanaijaza proseja nzima, baada ya miezi mitatu hakuna anayeweza kuisoma.

Hiyo 103 ni siku/mwezi/mwaka. Usipoiweka seva inasoma kwa lugha ya login, na 11/06 inaweza kuwa Juni 11 au Novemba 6, zote ni tarehe halali hutapata ero yoyote. Bahati nzuri jina la faili lenu lina tarehe, linganisha hizo mbili, zikitofautiana faili zima liweke pembeni mtu aliangalie. NULLIF nimeiweka kwa sababu nafasi tupu ukiigeuza kuwa date haiwi NULL, inakuwa 1900-01-01.

Na simu jamani. Karani akifungua CSV kwa Excel akaisevu, sifuri ya mbele inaondoka, na aliyeandika kuanzia 255 inageuka 2.55E+11 hivi na tarakimu za nyuma zimekwenda moja kwa moja, huwezi kuzirudisha kutoka kwenye hilo faili. Sifuri unaweza kuirudisha, namba za nyuma hapana. Kama malipo yanakwenda kwa simu weka kizuizi: simu isiyotimia tarakimu haihamishwi. Bora mkulima achelewe siku moja apigiwe kuliko hela iende kwa mtu mwingine.

postgre_mpwapwa:

Sisi huku tuko PostgreSQL, kama kuna atakayepita baadaye akiwa na shida hii hii: ndani ya proseja nako COPY haipokei veriabo kwenye jina la faili, unatumia EXECUTE format('COPY mizani_ghafi FROM %L WITH (FORMAT csv, HEADER true)', njia). Hiyo %L inafunga ritifaa yenyewe vizuri, na kama jina la tebo nalo linabadilika tumia %I. Usiwahi kutumia %s kwa hizo. Kusoma faili la kwenye seva unahitaji kuwa superuser au kupewa pg_read_server_files, ipo toka toleo la 11, na kama faili liko kwako tumia \copy ya psql, hiyo inasoma mashine yako. Wenye MySQL msijaribu njia hii, LOAD DATA haikubali ndani ya proseja wala kwenye PREPARE, itabidi sentensi mkaijenge nje kwa skripti.

Makole_DBA:

BintiKondoa umemaliza dada yangu. Nagusia tu kwamba kwa SQL Server kama jina la tebo linabadilika utumie QUOTENAME, lakini usiitumie kwa njia ya faili, kikomo chake ni herufi 128 na ikizidi inarudisha NULL, na hapo unarudi kwenye ile shida ya kimya aliyoisema.

MizaniDom:

LEN imetoa 11 kweli, ni vituo viwili vilevile! Nimeweka REPLACE tarehe zimekaa. Kuna namba za simu kadhaa zenye E+11, nimezitenga na kesho asubuhi tunawapigia makarani watusomee kutoka kwenye vitabu vya stakabadhi.

Swali la mwisho, nataka iwe inajiendesha usiku ipitie folda nzima. Express naona haina Agent (kile kipanga ratiba cha SQL Server). Na nikitaka kuweka ERRORFILE (faili la kuandikia mistari iliyokataliwa) inaenda vizuri mara ya kwanza, ya pili inakataa.

seva_ya_Area_D:

ERRORFILE inakataa kwa sababu lile faili la makosa halitakiwi kuwepo kabla, likikutwa lipo kazi inasimama. Kwa hiyo nalo jina lake lijenge kwenye hiyohiyo stringi, jina la faili pamoja na saa, na REPLACE ileile ya ritifaa usiisahau hapo maana ni Ng'humbi ileile.

Kupitia folda:

```
CREATE TABLE #orodha (jina nvarchar(512), kina int, ni_faili bit);
INSERT #orodha EXEC master.sys.xp_dirtree N'D:\Mapokezi', 1, 1;
```

Chukua ni_faili = 1 na jina linaloishia .csv, zungusha lupu moja moja. Kila faili lipe BEGIN TRY yake, faili moja likigoma mengine yaendelee, na lililogoma liandikwe kwenye tebo ya logi pamoja na ile @sql nzima na ERROR_MESSAGE(). Mwanzo wa kila mzunguko TRUNCATE mizani_ghafi. Kuendesha usiku tumia Task Scheduler ya Windows ikiita sqlcmd, weka na -b ili ikifeli Windows ijue imefeli.

BintiKondoa:

Na karani akituma faili mara mbili je? Itatokea tu, mtandao ukikatika huku vijijini mtu anatuma tena. Weka unique (kizuizi kinachokataa marudio) kwenye kituo na namba ya stakabadhi pale kwenye dbo.mizani (kolamu ya kituo huna, iongeze uijaze kutoka kwenye jina la faili), usitegemee jina la faili peke yake kwa sababu la pili linaweza kuja na (1) mwishoni. Halafu hakikisha jina la kituo linaandikwa kwa ritifaa ya aina moja, simu nyingi zinaweka ile iliyopinda ’ na kwa seva hiyo ni herufi nyingine, utakuwa na Ng'humbi mbili kwenye ripoti na unique yako haitashika kitu. Igeuze kwa REPLACE(@kituo, NCHAR(8217), N'''') kabla hujahifadhi. Faili lenyewe lihamishie folda la yaliyokamilika baada ya COMMIT, siyo kabla.